Nani Anafungua Mwaka Siongiroi?

Kama simu yako ni Android, ingia mahali pa kuchagua lugha, shuka chini hadi uone Kalenjin, kisha uichague. Menyu nyingi zitabaki za Kiingereza, ila tarehe zitageuka. Januari itakuwa Mulgul. Februari, Ng'atyaato. Machi ni Kiptaamo, Aprili ni Iwootkuut, na kuendelea hivyo mpaka Desemba, ambayo jina lake linajaza skrini: Kipsuunde nebo aeng'. Ni kitu kizuri, na yeyote aliyekaa chini akayaingiza majina hayo anastahili kibuyu kizima cha mursik.

Shida ni kwamba simu haikubaliani na kitabu. Mwaka wa 1909, A. C. Hollis, afisa wa serikali ya kikoloni, alichapisha The Nandi, kitabu kinene cha mila na hadithi. Ndani yake kuna orodha ya miezi, karibu majina yale yale. Lakini Kiptamo wake ni Februari, si Machi. Puret, mwezi wa ukungu, kwake ni Julai. Kwenye simu ni Septemba. Zile Kipsunde mbili, miezi ya sadaka ya mavuno, kwake ni Septemba na Oktoba. Simu inasema Novemba na Desemba. Yaani mwanzoni tofauti ni mwezi mmoja, halafu njiani inakuwa miwili. (Ukitaka kujua imetokeaje: kati ya mwezi wa manyunyu na mwezi wa njaa, Hollis ana mwezi mmoja, simu ina miwili.)

Kabla hujaniambia kwamba Wanandi si Wakipsigis, najua. Lakini tunasikilizana bila mkalimani, miezi ni ile ile, na hata watu waliokuwa wakiulizwa habari za mvua pande zote mbili walitoka nyumba moja. Tutafika huko.

Sasa nani amekosea? Naona hakuna. Miezi ya zamani ilikuwa ya mwezi wa angani kweli. Miandamo kumi na miwili inafanya siku 354 hivi, na jua linataka 365. Kila mwaka zinabaki siku kumi na moja zisizo na mwenyewe. Ukiacha bila kusahihisha, baada ya miaka mitatu mwezi wa ukungu umeanza kutoka nje ya ukungu, na baada ya kumi mwezi wa njaa unakukuta na ghala bado lina chakula. Waislamu wanauacha uhame, ndiyo maana Ramadhani hutembea mwaka mzima. Makunduchi, Zanzibar, watu wa Mwaka Kogwa wanahesabu siku 365 kamili bila ile robo ya ziada, kwa hiyo sikukuu yao iliyokuwa ikiangukia Agosti katika karne ya 19 siku hizi iko Julai.

Mkulima wa wimbi hana anasa hiyo. Yeye hawezi kupanda kwenye mwezi uliohama. Kwa hiyo watu waliangalia vitu vingine. Hollis anaandika kwamba Wanandi waliangalia kundi la nyota wanaloliita Koremerik kujua kama mavuno yatakuwa mazuri au mabaya. Ni nyota zile zile ambazo Kiswahili kinaziita Kilimia, jina lililotoka kwenye kulima. Na waliangalia majina yenyewe. Iwootkuut ni mwezi wa mvua ya rasharasha. Kiptaamo ni joto shambani. Ninavyoelewa mimi, kama rasharasha hazijaja, basi bado mko Kiptaamo, hata mwezi uandame mara ngapi. Ng'eiyeet ni mwezi ambao moyo unasukumwa kando na njaa, kwa sababu ghala limekwisha na wimbi halijaiva. Rooptui ni mvua nyeusi. Haya si majina ya kuhesabia siku za mshahara. Ni ripoti ya hali ilivyo.

Lakini ripoti lazima iwe na mtu wa kuitoa. Mwaka haukuanza wenyewe. Mtu fulani alipaswa kusema: sasa.

Mimi mwanzo wa mwaka nilijifunza kwa vitabu vya watu wengine. Shule ya upili tulikuwa na nakala moja ya The Lion, the Witch and the Wardrobe ya C. S. Lewis, haina jalada, kurasa za mwisho zimeshikwa na gundi. Baadaye, chuoni, nilikuwa nasoma riwaya za fantasia kwa simu usiku kucha. Chuo sikumaliza, riwaya nilimaliza. Na kitu kimoja kilinishangaza: vitabu hivi vina wazimu na majira. Katika kitabu cha Lewis, cha 1950, mchawi ameifunga nchi nzima ndani ya baridi kwa miaka mia. Simba akikaribia, theluji inaanza kuyeyuka, gari la kuteleza la mchawi linakwama kwenye matope, na anateremka kutembea kwa miguu kama sisi wengine. George R. R. Martin, 1996, ana dunia ambayo kiangazi kinakaa miaka na baridi inakaa miaka. N. K. Jemisin, katika The Fifth Season ya 2015, ameongeza msimu wa tano, wa majivu na maafa, wenye sheria zake za jinsi ya kuishi.

Mwalimu wetu wa Kiingereza aliita wakati wa kuyeyuka huko spring. Ukitafuta Kiswahili chake utapewa "majira ya machipuko", neno linalonuka kamusi. Pwani wana masika, vuli, kipupwe na kiangazi, wana kaskazi na kusi, upepo na mvua vimegawanya mwaka bila kuuliza mtu. Machipuko hayana kwao. Na huku Siongiroi theluji hakuna. Mvua ya mawe ipo, lakini hiyo haiyeyuki kishairi, inachana mahindi tu.

Hata hivyo nilisoma vile vitabu nikahisi navijua. Ilinichukua muda kuelewa kwa nini. Katika riwaya hizi majira ni siasa. Baridi haikai miaka mia kwa sababu ya hali ya hewa. Inakaa kwa sababu anayetawala si yule anayepaswa kutawala. Mwondoe mwenye haki ya kufungua mwaka, na mwaka unagoma. Mrudishe, maua yanachanua. Sasa fikiria hilo halafu uje Kericho.

Hollis anamweleza Orkoiyot wa Wanandi kama mtu aliyewaambia watu lini waanze kupanda, na aliyewatafutia mvua wakati wa ukame, yeye mwenyewe au kupitia waleta mvua. Kitabu kilitoka 1909. Miaka minne kabla yake, tarehe 19 Oktoba 1905, Koitalel arap Samoei, Orkoiyot aliyeongoza vita dhidi ya reli na utawala wa Waingereza, alipigwa risasi na Richard Meinertzhagen katika mkutano ulioitwa wa amani. Angalia huo mpangilio. Kwanza wanamuua mtu, halafu wanaandika kazi yake ilikuwa nini.

Ndugu yake Koitalel, Kipchomber arap Koilegen, alikuwa Orkoiyot wa upande wetu, wa Wakipsigis. Mwaka wa 1914 serikali ilimkamata pamoja na ndugu zake na kuwapeleka uhamishoni, mbali, nchi ya Wakikuyu. Kipchomber alifia huko mwaka wa 1916. Hata hivyo serikali haikuridhika. Ikaja sheria ya 1934, iliyotungwa kwa ajili ya ukoo mmoja, ya kuwahamisha Watalai. Watu karibu 700, wazee, wanawake na watoto, walitolewa milima hii ya baridi na kupelekwa Gwassi, kando ya Ziwa Victoria, mahali pa joto, malaria na mbung'o. Kosa la mtoto lilikuwa kuzaliwa Talai. Waliruhusiwa kurudi karibu na uhuru, na ardhi yao ilikuwa imeshapata wenyewe wengine. Mwaka wa 2022 Watalai na Wakipsigis walipeleka kesi dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya.

Hapa lazima nijizuie, kwa sababu nikiendelea hivi nitaandika riwaya badala ya historia. Orkoiyot hakuwa simba wa Lewis. Watu walimwogopa. Kimnyole arap Turukat, baba yake Koitalel na Kipchomber, hakuuawa na Mwingereza. Aliuawa na Wanandi wenyewe karibu mwaka wa 1890, baada ya misiba kufuatana na lawama kumwangukia yeye. Kazi ya kusema lini mwaka unaanza ilikuwa na dhamana: mvua ikikataa, unajibu wewe. Ukiuliza wazee wa hapa leo kuhusu Watalai, wengine watapunguza sauti kwanza. Nasema tu kwamba ilikuwa ofisi, yenye heshima na yenye hatari, na iliondolewa kwa sheria bila mtu kuulizwa nani ataikalia.

Kilichofuata si baridi ya miaka mia. Kilichofuata ni kijani.

Ukitoka huku kwetu Chepalungu kwenye ng'ombe, maziwa na mahindi, ukapanda kuelekea Konoin, Litein mpaka Kericho, utaona kitu ambacho watalii hupiga picha: milima imefunikwa zulia moja la chai, limekatwa usawa kama nywele za mwanajeshi. Baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia sehemu ya ardhi ya Kericho ilitengewa maafisa wa Uingereza waliolemaa vitani, wakajaribu kulima kitani, wakashindwa. Katikati ya miaka ya 1920 yakaja makampuni ya chai, Brooke Bond na James Finlay. Chai iliipenda Kericho kwa sababu mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Na chai haina mavuno, unanipata? Haina siku ambayo mnakusanyika mkasema imeiva. Kila wiki moja au mbili mchumaji anarudi kwenye kichaka kile kile, anatoa majani mawili na chipukizi, anaondoka, anarudi. Machipuko ya daima. Yule mwalimu wetu angefurahi: hii ndiyo nchi pekee ambako spring haiishi, na mtu analipwa kwa kilo kuihakikisha haiishi.

Sisemi chai ni mchawi. Imesomesha watu, pamoja na baadhi ya wanaosoma hapa. Lakini fikiria maana yake kwa kalenda. Wimbi lina kupanda, lina njaa ya kungoja, lina mavuno, na baada ya mavuno kulikuwa na kapkoros. Hapo ni mahali pa ibada, mara nyingi penye mwinuko, ambapo watu walikusanyika, moto ukawashwa kwa matawi maalum, moshi ukapanda, wakaimba wakielekea mashariki anakotokea Asis. Nyumbani nako kulikuwa na mabwaita, madhabahu ndogo ya matawi nje ya mlango. Taaitta Toweett, msomi na waziri aliyetoka huku kwetu, aliandika historia simulizi ya Wakipsigis mwaka wa 1979, na ukiipata usiiachilie. Leo ukitafuta Kapkoros kwenye ramani ya Bomet utapata kiwanda cha chai. Kapkoros Tea Factory, chini ya KTDA. Moshi bado unapanda, ni wa kukausha majani.

Sasa tuje kwenye mazimwi, maana najua wengine wenu ndiyo mliyokuwa mkingoja.

Mvua za kwanza katika nchi hii haziji kimya. Zinakuja na radi, na Hollis anasema Wanandi walisikia humo watu wawili: Ilet mwema na Ilet mbaya. Ngurumo inayopasuka karibu, ile ya kukufanya uinamishe kichwa, ni Ilet mbaya anajaribu kushuka ardhini kuua watu. Mngurumo wa mbali ni Ilet mwema anamfukuza. Umeme uliokatika kama matawi ni upanga wa mbaya. Ule unaowasha anga lote bila umbo ni upanga wa mwema. Halafu kuna ukoo wa Toiyoi, ambao mvua ni yao. Radi ikizidi, mtu wa Toiyoi anachukua shoka, analipaka majivu, analitupa nje na kuiambia ngurumo inyamaze. Inyamaze! Nimesoma riwaya ngapi za wachawi wenye fimbo na maneno ya Kilatini, na hakuna aliyenipa shoka lenye majivu likirushwa mlangoni usiku wa Aprili.

Na chemosit. Nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, matako tisa. Mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa. Anatembea kwa kuegemea fimbo iliyo kama mkuki, anaimba ili watoto wamfuate gizani, anawala. Kwanini tisa? Sijaona popote. Tisa tu, na mtoto akiambiwa hivyo haulizi, anahesabu.

Walowezi walipolisikia jina hilo, hawakulichukua kama hadithi. Kuanzia miaka ya 1910 Waingereza wa nchi hii walikuwa wakiandika kwa uzito kabisa kuhusu "dubu wa Nandi", mnyama asiyejulikana, na wengine wakamtafuta kwa bunduki. Ati wenyeji ndio waliokuwa wakiamini uchawi.

Jambo jingine ambalo silipiti bila kulitaja: kitabu cha Hollis kilichapishwa na Clarendon Press, Oxford. Mwaka wa 1911, miaka miwili baadaye, kijana anayeitwa J. R. R. Tolkien aliingia Oxford kusoma. Lewis naye akaja kusoma na kufundisha huko. Sidai kwamba walikifungua. Nasema tu kwamba mji ulioipa dunia fantasia ya kisasa ulikuwa tayari umepiga chapa mazimwi yetu, ukayaweka kwenye rafu ya elimu ya makabila. Ya kwao yakaenda kwenye rafu ya riwaya. Tofauti ya rafu ni kubwa kuliko inavyoonekana, kwa sababu kitabu cha elimu ya makabila kinasomwa na mtu anayetaka kukutawala, na riwaya inasomwa na mtoto. Kiswahili chenyewe hakikukosa ubunifu huo. Shaaban Robert aliitundika nchi nzima hewani katika Kusadikika, 1951. Lakini Ilet, chemosit na Koremerik mpaka sasa nawasoma kwa nakala iliyopigwa picha ya kitabu cha afisa wa serikali, bure mtandaoni, na kila ukurasa una namna ya kusema "wao".

Huku chini kwetu chai ni kidogo, kwa hiyo mwaka bado una kingo. Tuliwahi kujaribu kuzifuta. Mtu akivuna mahindi anapanda mahindi, akivuna tena anapanda tena, mbegu za dukani zinavumilia. Septemba 2011 ugonjwa wa mnyauko wa mahindi ulionekana Bomet, upande wa Longisa, mara ya kwanza kabisa Kenya: majani yanakauka kuanzia pembeni, hindi halijai, shamba zima linakufa likiwa limesimama. Ushauri wa wataalamu ulikuwa nini? Badilisheni mazao. Msipande mahindi juu ya mahindi. Pandeni kwa pamoja mwanzo wa mvua kubwa. Kwa maneno mengine, rudisheni majira, na mtu awaambie lini.

Nani basi anasema siku hizi? Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa, Nairobi, hutoa utabiri wa Machi, Aprili na Mei, na mvua itaanza wiki gani kaunti kwa kaunti. Kisha ujumbe wa simu kuhusu mbolea ya ruzuku, ambayo mwaka wa 2024 nchi nzima iligundua baadhi yake ni magunia ya udongo. Mtabiri wa Nairobi akikosea hafukuzwi kwenda Gwassi wala hapigwi rungu, na hilo nadhani ni maendeleo. Kanisa karibu na kwetu lina Jumapili moja, mwishoni mwa Februari au mwanzo wa Machi, ya kuombea mbegu. Watu wanakuja na pakiti za kilo mbili, wengine na gunia, zinapangwa mbele ya madhabahu, mchungaji anaweka mkono. Anaomba mvua ya kiasi. Wazee wanasimama wameelekea mbele, na mbele ya kanisa letu, kwa jinsi lilivyojengwa, ni mashariki.

Kogo wangu huenda na mbegu mbili. Mahindi ya pakiti kwenye mfuko wa plastiki, na wimbi kwenye kikombe, limefunikwa kwa kitambaa. Wimbi ni la mistari minne tu kando ya boma, si la kuuza. Mahindi anapanda wiki ile ile, kama alivyoambiwa. Wimbi analiweka juu ya kabati, na ukimwuliza atapanda lini anakuambia bado, ngoja kwanza. Mwaka huu alingoja siku kumi na tisa. Mwaka jana hata wiki haikuisha.